Mashine Kuukuu na Mlango wa Uongo

Jumatatu, 3 Juni

Siku imeanza na msiba. Kinyozi kaingia chumba changu cha gemu na simu mkononi, uso umemkunjamana, akanisomea habari kwa sauti mbele ya wateja wangu wote. Watengenezaji wa mashine zetu za gemu wametangaza kwamba hawatatoa tena gemu mpya kwa ajili yake. Hata moja. Tulizonazo ndizo hizo hizo mpaka kiama. Eti wanawashukuru wachezaji wote kwa miaka mizuri tuliyokuwa pamoja. Maneno ya makaburini hayo!

Nikamwomba ashushe sauti. Akapandisha.

Na kama hayo hayatoshi, ng'ambo ya barabara Bwana Kioo kafungua chumba chake cha gemu. Tunamwita Bwana Kioo kwa sababu hawezi kupita dirisha bila kujitazama. Sasa ana runinga pana kama milango, mashine za kisasa kabisa, viti vya kuzunguka na kiyoyozi. Mimi nina mashine kuukuu, runinga za kichogo, benchi moja refu na feni inayolia kama mgonjwa.

Jioni mke wangu kaniuliza kwa upole. Upole wake ndio unaonitisha. Yeye ni fundi cherehani, na sebule yetu ya ghorofani imejaa vitambaa hadi tunakula tumesimama. Kasema kama chumba changu cha mbele kitabaki kitupu, si afadhali yeye ahamishie vyerehani vyake humo? Nikasema hakitabaki kitupu. Akasema haya, ananipa hadi Jumapili ya wiki ijayo. Akishuka akakuta benchi halina watu, vyerehani vinaingia.

Kisha akavua futi shingoni akaenda kupima madirisha. Hivi hivi, nikimtazama!

Mimi si mtu wa kushindwa na mtu anayejitazama madirishani. Nimelala na wazo.

Jumanne, 4 Juni

Wazo ni hili: mteja huanza kununua kwa macho. Mashine zangu si mbovu, zimechujuka tu. Nikanunua kopo la rangi ya dhahabu. Kufika saa nne nilikuwa nimezipaka zote, na padi zake za kuchezea pia. Mlangoni nikabandika tangazo: TOLEO MAALUMU LA DHAHABU. HALIPATIKANI PENGINE POPOTE.

Hapo sikusema uongo.

Tatizo la kwanza: Kinyozi hakungoja rangi ikauke. Alicheza, akashinda, akarudi kazini kwake mbio. Mteja wake wa kwanza akatoka pale na sikio la dhahabu.

Tatizo la pili: nilipaka na yale matundu ya kupumulia. Sikujua kama mashine zinapumua! Mchana moja ikaanza kutoa harufu ya kukaanga. Bingwa wa Kona, mteja wangu mkubwa kuliko wote kwa umbo na kwa sauti, akauliza kama kuna mtu anapika. Tunamwita Bingwa wa Kona kwa sababu kwenye gemu ya mpira hajui kufunga goli ila la mpira wa kona. Nikamwambia hiyo ni harufu ya upya. Akaamini. Moshi ulipotoka akaacha kuamini.

Nimeshinda nikikwangua rangi kwa kisu cha mezani. Mke wangu kaona kisu. Sitaki kuandika zaidi.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nilikwenda kupeleleza. Huwezi kupigana na adui usiyemjua.

Nilijifunika kofia hadi nyusi, nikavaa miwani ya jua na koti refu nililolikuta limetundikwa sebuleni. Hakuna ambaye angenitambua. Nikaingia kwa Bwana Kioo nikitembea kwa kuchechemea kidogo, kwa ustadi.

Bwana Kioo akasema, "Karibu sana jirani! Kofia imekukaa."

Akanipa soda ya bure. Akanichagulia kiti kizuri. Ubaya wa mtu huyu hauna mipaka.

Nikaketi. Nikaruka. Koti lile lilikuwa la mteja wa mke wangu, halijamalizika kushonwa, na pini zilikuwa bado zimo, hasa sehemu ile ya kukalia. Nilipiga ukelele. Hakuna aliyegeuka! Wote walikuwa wamevaa vipokea sauti vya masikioni, kila mtu na dunia yake, kimya kama chumba cha mtihani.

Nikacheza nikiwa nimenyanyuka nusu. Kwa kweli sikucheza. Mashine mpya ilitaka kwanza jina langu. Kisha nikubali masharti marefu kuliko mkataba wa nyumba. Kisha nichague umbo la mchezaji wangu: nywele, kidevu, pua. Pua peke yake zilikuwa nyingi kuliko za ukoo wetu mzima. Muda wangu ukaisha nikiwa bado kwenye pua.

Nimerudi nyumbani na siri kubwa ya adui: viti vyake vinazunguka. Mke wangu kauliza koti la mteja limepatwa na nini. Nikasema nondo.

Ijumaa, 7 Juni

Wateja watatu tu leo, mmoja alikuwa ameingia kukimbia jua.

Hapo ndipo akili yangu ilipowaka. Kama hawatatoa gemu mpya, basi lazima kuwe na kitu kipya ndani ya gemu ya zamani! Na kama hakuna, nani anajua?

Tunayo gemu moja ya siku nyingi ambayo kila mtu mtaani ameimaliza, ya shujaa mwenye upanga anayezunguka ndani ya ngome akitafuta funguo. Nikajikohoza. Nikamwambia Kinyozi, kama mtu anayejiropokea, kwamba rafiki wa binamu yangu alifanya kazi kwa watengenezaji, naye aliniambia kuna mlango wa siri kwenye ngome ile ambao haujawahi kufunguliwa na mtu yeyote duniani. Nikamwomba asimwambie mtu.

Kumwambia kinyozi siri ni sawa na kuipaza kwenye kipaza sauti. Hajamaliza kunyoa kidevu cha kwanza mtaa mzima ulikuwa unajua.

Sina rafiki wa binamu. Hata binamu mwenyewe simkumbuki vizuri.

Jumamosi, 8 Juni

Wamejaa! Wamejaa! Benchi limelia! Wanapiga kila ukuta wa ile ngome kwa upanga, jiwe baada ya jiwe. Bingwa wa Kona amepiga ukuta mmoja hadi kidole gumba kimevimba, akahamia kidole cha pili. Ng'ambo kule Bwana Kioo alikuwa amesimama mlangoni kwake akinyoosha shingo. Nikampungia mkono. Taratibu, kama mfalme.

Kitu kimoja tu kimenitibua. Mama mkwe kafika ghafla, kaja kumtembelea binti yake. Sebuleni hakuna pa kukaa kwa vitambaa, basi mke wangu akamleta chumbani kwangu, akaketi mwisho wa benchi na mkoba wake mapajani. Mama mkwe wangu nina adabu naye sana. Mbele yake sipigi kelele, sikai vibaya, sicheki hovyo. Sasa nitaendeshaje chumba cha gemu?

Akatazama runinga muda mrefu. Kisha akaniuliza yule kijana mwenye upanga amekosa nini hata watu wanamkimbiza namna ile. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba anatafuta mlango. Akasema, "Baba, mtu akitafuta mlango hupiga hodi. Huyu anavunja nyumba."

Jumapili, 9 Juni

Mambo yamechacha. Hakuna mlango. Bila shaka hakuna mlango, niliutunga mimi! Lakini wenzangu wameanza kuchoka, na mtu mwenye kidole kilichovimba hana subira. Bingwa wa Kona kasimama mbele yangu akaziba mwanga wote. Kasema kesho nimwonyeshe mlango mwenyewe, kwa mkono wangu, ama atatangaza mtaa mzima kwamba mimi ni muongo na atahamia kwa Bwana Kioo pamoja na kila anayemfahamu. Anamfahamu kila mtu.

Nikamwambia kesho bila wasiwasi.

Nimekaa nawaza ugonjwa wa kuugua kesho. Tumbo limezoeleka. Labda sikio.

Jumatatu, 10 Juni

Naandika huku nikirukaruka. Si kwa hofu!

Asubuhi walikuwa wote wamekusanyika, hata wale wasiojua kushika padi. Nikajaribu sikio. Kinyozi akachungulia ndani yake akasema liko safi. Nikaketi mbele ya runinga, nikamtembeza shujaa polepole, chumba hadi chumba, nikisema "bado kidogo, bado kidogo". Tukafika jikoni mwa ngome, mahali pasipo na kitu ila meko yenye moto. Njia ikaishia hapo. Uongo wangu pia.

Ndipo mama mkwe, kutoka mwisho wa benchi, akasema: "Mwacheni apumzike."

Wote wakageuka.

Akasema tangu juzi anamwona kijana huyu hali, halali, hakai. Akauliza kitufe cha kukaa kiko wapi. Nikasema, samahani mama, hakuna kitufe cha kukaa. Akanyoosha mkono. Nitamnyima mama mkwe? Nikampa padi. Akaiweka mapajani juu ya mkoba, akaifunika kwa viganja vyake, akasema hakuna mtu wa kuigusa. Kisha akaanza kutusimulia jinsi jirani yake alivyomwoza binti kwa mtu mwenye miguu mipana kama ya bata, na harusini bwana harusi akakanyaga shela ya bibi harusi ikabaki mlangoni, bibi harusi akafika mbele bila shela.

Watu wakaanza kucheka. Bingwa wa Kona akaketi chini ili asikie vizuri. Mimi nilikuwa nautazama mlango, ule wa kweli, wa kutokea nje.

Mara Kinyozi akasema, "Tazameni."

Shujaa alikuwa amekaa! Kajikalisha mwenyewe kando ya moto. Akapiga miayo. Akavua kofia yake ya chuma, jambo ambalo sijaliona tangu nimenunua gemu ile. Akalala. Na ukuta nyuma ya meko ukaanza kusogea. Wallahi nikadhani mashine inakata roho! Ukasogea, ukasogea, ukawa mlango. Ndani yake mna ukumbi, na ndani ya ukumbi kuku waliovaa vilemba, wanapiga ngoma. Shujaa akaamka, akatupa upanga, akaingia kucheza nao.

Miaka yote hii! Hakuna aliyewahi kumwacha akae, kwa sababu nani atalipia muda halafu aweke padi chini?

Chumba kililipuka. Kinyozi alilia machozi ya kweli. Bingwa wa Kona akaninyanyua juu hadi kichwa kikagonga feni, akanguruma, "Kumbe hukutudanganya!"

Nikasema, "Niliwaambia."

Mama mkwe kauliza kama kuku wale wamelishwa.

Jumanne, 11 Juni

Hawaishi kuja. Wanakuja na wake zao, na waume zao, na mama zao. Kila mtu anataka kumkalisha shujaa na kuwaona kuku. Na kwa kuwa ni lazima kusubiri padi ikiwa imetulia, wanapiga soga. Mama mkwe yuko katikati ya benchi sasa, si mwisho, na kila shujaa akilala kuna kisa. Vicheko vinasikika hadi kwa muuza viatu wa mwisho wa mtaa.

Hili la soga silipendi. Hiki ni chumba cha gemu, si kibaraza! Nikaandika tangazo: SOGA MARUFUKU. Niliporudi kutoka dukani lilikuwa limegeuzwa uso ukutani na mtu ametundika mkoba juu yake. Mkoba naufahamu. Nimeuacha palepale.

Jumatano, 12 Juni

Hujuma! Bwana Kioo kaja mchana, kavaa shati lililopigwa pasi hata mikunjo inakata, kapita dirishani akajitazama, kisha akamwinamia mama mkwe wangu na kumwamkia kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwa mtu asiye mkwe. Shikamoo ndefu hiyo! Kamwalika kwake. Kiti cha kuzunguka, baridi ya kiyoyozi, mashine mpya ambayo ndani yake, kasema, majani yanapepea moja moja.

Mama mkwe akasema majani angependa kuyaona.

Akaenda. Na walipoona amekwenda, wakafuata mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake. Kinyozi alisema anakwenda kunoa mkasi. Mkasi ulibaki kwangu.

Mke wangu akashuka na futi. Akapima ukuta wa kushoto akiimba chinichini.

Alhamisi, 13 Juni

Watu huvutwa na watu. Hiyo ni kanuni. Basi kama watu hawapo, nitakuwa watu mimi.

Nikafunga pazia, nikawasha runinga zote, nikaanza kushangilia. Kwanza kwa sauti yangu. Kisha kwa sauti nyembamba ya Kinyozi: aah, jamani, mlango wa pili huu! Kisha nikapiga kifua na kunguruma kama Bingwa wa Kona. Nikajibu. Nikajibishana. Nikakatazana nisigombane. Nikapiga miguu kwenye benchi kama umati. Ilikuwa kazi nzuri sana, nakiri, nilifika mahali nikasahau kwamba niko peke yangu.

Nilipokuwa najipongeza kwa sauti ya Bingwa wa Kona na kujishukuru kwa sauti ya Kinyozi, nikageuka. Mke wangu alikuwa mlangoni. Sijui tangu lini.

Aliniwekea maji ya kunywa juu ya runinga, akaniambia nikimaliza niwaage wageni wangu vizuri.

Ijumaa, 14 Juni

Mama mkwe karudi!

Saa tatu asubuhi, kavuka barabara na mkoba wake, kaketi katikati ya benchi kana kwamba alikwenda kunawa mikono tu. Sikumuuliza. Haulizwi. Lakini mwenyewe akatueleza, mimi na mke wangu tuliokuwa tunabishana kuhusu ukuta wa kushoto. Kasema majani kweli yanapepea. Kiti kweli kinazunguka. Lakini walimvisha vitu masikioni, na kila alipoanza kisa alikuta anamsimulia mtu asiyesikia.

"Nimecheka peke yangu siku nzima," akasema. "Nikajiona kama nimerukwa na akili."

Nyuma yake akaja Kinyozi, akatafuta mkasi, akaupata, hakuondoka. Kisha Bingwa wa Kona. Kisha wengine. Alasiri, wa mwisho kabisa, akaja Bwana Kioo mwenyewe! Mashine zake eti zinajisasisha, zote kwa pamoja, tangu asubuhi. Mstari unatembea kwenye kioo kama konokono, na mashine haichezeki hadi mstari ufike. Zangu hazijui kujisasisha. Unatia diski, unacheza.

Nilitaka kumfukuza. Mama mkwe akasogea kidogo, watu wote wakasogea, pakapatikana nafasi ya nusu mtu, Bwana Kioo akajipenyeza humo na shati lake la mikunjo. Shujaa akalala. Mama mkwe akaanza kile kisa cha mjomba aliyenunua suruali iliyoshonewa watu wawili. Bwana Kioo akacheka hadi akateleza kwenye benchi. Akabaki chini. Shati likawa tambara. Hakujitazama hata mara moja!

Na mimi? Nilicheka pia, mbele ya mama mkwe, kwa kinywa kizima. Imenitoka tu.

Jumapili, 16 Juni

Siku ya hukumu. Mke wangu alishuka na futi shingoni na cherehani kimoja mikononi, cha kuanzia.

Hakuweza kuingia! Watu walijaa hadi kizingitini. Akasimama na cherehani chake, akaambiwa apishe, akaambiwa asogee, mwishowe mama yake akamwita akae. Akakaa. Akapewa padi ya gemu ya mpira. Sikuwahi kumwona mke wangu akishika padi, miaka yote ya ndoa. Alifunga goli lake la kwanza akaruka, futi likaruka naye likaning'inia kwenye feni likizunguka. Alicheka kama siku ile nilipomchumbia, nilipoanguka mtaroni.

Jioni, watu walipokuwa wanaaga kwa mara ya nne bila kuondoka, kaniambia vyerehani vitabaki sebuleni. Chumba ni changu. Kisha akanishika bega: "Ila nakuomba kitu kimoja, mume wangu. Usiguse chochote humu. Kiache kilivyo."

Nimemwahidi.

Nimeshinda! Mashine iliyozikwa na watengenezaji wake inapumua kwangu. Sasa kazi ya mtu mwenye akili ni kujiuliza: nimeshindaje? Nimefikiri sana. Jibu liko wazi. Ni ubora wa huduma. Kasoro ni moja tu: msongamano.

Jumatatu, 17 Juni

Nilimwahidi mke wangu sitagusa kitu, na sikugusa. Seremala ndiye aliyegusa.

Nimemwita alfajiri kabla mke wangu na mama yake hawajaamka. Kufika saa mbili benchi lilikuwa limeshakatwa vipande, na kila kipande kina chumba chake kidogo cha mbao, na pazia zito, ili kila mteja acheze kwa utulivu bila kubanwa wala kusumbuliwa na visa vya watu. Safi! Kimya! Kila mtu na shujaa wake! Kinyozi alifika, akachungulia pazia moja, la pili, la tatu, akaondoka. Nadhani amekwenda kuwaita wenzake.

Mama mkwe alishuka na mkoba wake. Akasimama katikati ya chumba. Akauliza yeye atakaa wapi.

Nikamfungulia pazia la chumba kizuri kuliko vyote, nikainama kwa heshima zote. "Hapa, mama. Peke yako, kama malkia."

Akanitazama, kisha akalitazama pazia. Akakumbatia mkoba wake, akageuka, akapanda ngazi kurudi juu. Maskini, furaha imemzidi.